Sanduku Lisilovuja

Kila jioni, mwaka ule wa 1994, Khalayi alimaliza kazi ya shule kisha akamsomea baba yake maswali ya mtihani wa serikali wa mafundi.

Baba yake, Wakoli wa mtaa wa Mbotela, alikuwa amechomelea matangi ya maji kiwandani kwa miaka kumi na moja. Miaka yote hiyo aliitwa kibarua na kulipwa kama kibarua kwa kuwa hakuwa na cheti. Wenye vyeti ndio waliokuja kumwuliza namna ya kuziba tangi linalovuja! Sasa tangazo lilibandikwa langoni: asiye na cheti kufikia mwisho wa mwezi, aende zake.

"Baba, si ununue tu kama Nahashon?" Khalayi aliuliza. Jirani yao Nahashon, aliyefanya kazi kiwanda kilekile, alipata cheti chake mjini kwa siku moja. "Mbotela nzima inajua wewe ni fundi."

"Mbotela inanijua, mama. Soma swali."

Siku ya mtihani Khalayi alimsindikiza, akasimama dirishani pa karakana. Mtahini, Bwana Nyamai, alimpa kila mtu vipande vya chuma aunde sanduku. Cheche ziliruka kwa saa mbili. Kisha Nyamai akayaweka masanduku juu ya magazeti makavu na kuyajaza maji.

La kwanza likavuja. La pili likavuja. Mbele ya sanduku la Wakoli alingoja, akangoja. Gazeti likabaki kavu.

"Nani alikufundisha, mzee?"

"Macho yangu."

Nyamai alifungua daftari kubwa, akaandika jina polepole. Khalayi akanyoosha shingo kuliona. Jina la baba yake, ndani ya daftari la serikali!

Jumatatu karani wa kiwanda alipiga simu ofisini kwa Nyamai kuuliza namba za vyeti. Ya Nahashon haikuwepo daftarini, akafukuzwa. Ya Wakoli ilikuwepo, akapewa barua ya kazi ya kudumu.

"Lakini ufundi ulikuwa nao tangu zamani," Khalayi alisema.

"Tangu hujazaliwa. Na ile miaka kumi na moja hawatanirudishia, sisahau," Wakoli alijibu. "Lakini matangi yangu yanapelekwa hadi Garissa, mama, kwa watu wasionijua. Muhuri wa cheti unawaambia kwamba mtu asiye ndugu yangu alinipima. Anayenunua cheti anawauzia hao tangi linalovuja."

Khalayi akainamisha kichwa. "Nisamehe, Baba. Nilikushauri vibaya."

"Ulinisomea vizuri," alisema baba yake.