Warda Hapatikani Hewani

Warda na mumewe Mshamu wanaishi Bungu, kando ya barabara kuu iendayo kusini. Mshamu analima korosho. Warda anauza chapati na maharage asubuhi, pale mabasi yanaposimama. Wana mtoto mmoja, Zawadi, mwenye umri wa miaka sita.

Zawadi alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akikimbia hatua chache, anachuchumaa kutafuta pumzi, na midomo yake inageuka rangi kama ya mtu aliyekula zambarau. Wenzake wakicheza rede, yeye hukaa pembeni akiwaambia nani kapigwa na mpira.

Mwaka huu shirika moja la misaada lilikubali kugharimia matibabu yake India, katika mji wa Chennai. Mzazi mmoja angemsindikiza. Iliamuliwa aende Warda.

Maandalizi yalichukua mwezi mzima. Kulikuwa na pasipoti, viza, chanjo na barua za hospitali. Warda alinunua sweta mbili, maana aliambiwa wodi za huko zina baridi. Kuhusu simu, hakuna aliyehangaika sana. Siku ya mwisho Mshamu alimnunulia mkewe bando la mwezi, lile lile la siku zote, ila kubwa zaidi. Akamwongezea na salio.

"Hapo huna shida," Mshamu alisema. "Ukifika tu, nipigie kwa video nimwone mtoto."

"Nitapiga hata sijavua viatu," Warda akajibu.

Ndege ilitua kwanza Addis Ababa ili abiria wabadilishe ndege. Warda akawasha simu. Kwenye kioo palitokea swali: Je, anaruhusu kutumia data nje ya nchi? Hakulielewa vizuri. Akabonyeza ndiyo.

Simu ikaanza kulia mfululizo. Video za kundi la ukoo zilizokuwa zikimsubiri zikashuka zote kwa pamoja. Programu nazo zikaanza kujisasisha zenyewe. Warda alikuwa bado anaandika "Tumefika salama" pale ujumbe ulipoingia kwamba salio lake limekwisha. Aliangalia bando. Lilikuwepo, karibu lote, lakini halikufanya kazi.

Chennai mambo yakawa vile vile. Mtu wa shirika aliwapokea uwanja wa ndege Jumapili, akawafikisha hospitali, akasema atarudi Ijumaa. Zawadi alilazwa. Warda alipewa kitanda katika nyumba ya wageni jirani na hospitali, wanakolala ndugu wa wagonjwa. Jumapili ikapita, Jumatatu ikapita. Kila saa Warda aliitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, na aliona haya kumwomba simu mtu asiyemjua.

Jumanne asubuhi daktari wa upasuaji alikuja na mkalimani, dada wa Kihindi aliyekulia Tanga.

"Upasuaji ni keshokutwa, Alhamisi," mkalimani alisema. "Daktari anauliza, kuna dawa yoyote iliyowahi kumdhuru mtoto?"

"Ipo," Warda alisema. "Mwaka juzi alichomwa sindano, akavimba uso mzima. Tulidhani hatutabaki naye."

"Sindano ya dawa gani?"

Warda hakujua. Iliandikwa kwenye kadi ya mtoto, na kadi, alivyojua yeye, ilibaki nyumbani.

Daktari alizungumza kwa muda. Mkalimani akasikiliza, kisha akamgeukia Warda.

"Anasema kabla ya kumpasua lazima ampe dawa ya kuzuia vidonda visioze. Ziko za aina nyingi. Asipojua ni ipi iliyomdhuru, hawezi kubahatisha. Itabidi aahirishe afanye vipimo, na nafasi ya Alhamisi atapewa mtoto mwingine. Anataka jina la dawa kabla ya kesho saa kumi jioni."

Warda alirudi nyumba ya wageni akakaa jikoni. Pale alikuwepo mama mmoja akisonga ugali wa unga aliotoka nao nyumbani. Aliitwa Kudra, Mtanzania mwenzake, mwalimu wa shule ya msingi huko Chumbi. Alikuwa Chennai wiki ya sita, akimuuguza mumewe aliyepasuliwa mgongo.

"Simu yako ina nini, mdogo wangu?" Kudra aliuliza. "Tangu juzi nakuona unaitazama tu."

Warda akamweleza yote, kuanzia Addis Ababa mpaka maneno ya daktari. Kudra akaepua sufuria, akanawa mikono.

"Bando lako ni zima," alisema. "Ila ni la nyumbani. Ukivuka mpaka, laini yako inakuwa mgeni kwenye mtandao wa watu wengine, na hao wana bei yao. Hiyo ndiyo wanayoiita romingi. Bando la nyumbani haliwahusu."

"Na salio je? Lilikuwa la kutosha."

"Ulipobonyeza ndiyo, uliifungulia data mlango. Ikalamba salio lote. Romingi bila kifurushi chake ni ghali mno."

Warda akamnyooshea simu. Kudra hakuipokea.

"Shika mwenyewe. Nikikufanyia mimi, kesho utaniita tena. Ingia kwenye mipangilio. Tafuta palipoandikwa mtandao wa simu. Umeona data ya romingi? Izime. Usitoe laini, iache humo humo. Sasa ingia WhatsApp, zuia picha na video zisijishushe zenyewe. Halafu zuia programu zisijisasishe."

Warda alikosea mara mbili, akarudia. Kudra alisubiri.

"Sasa twende mapokezi," Kudra alisema. "Nyumba hii ina waifai ya bure kwa wageni. Wanatoa neno la siri ukiwatajia namba ya chumba."

Kwenye simu ya Warda yalitokea majina mawili yanayofanana. Moja lilikuwa na alama ya kufuli, jingine halikuwa nayo.

"Chagua lenye kufuli, ndilo la hapa," Kudra alisema. "Hilo jingine usiliguse, hatujui la nani. Na hata kwenye hili, linatumiwa na watu wengi. Usiingize namba ya siri ya benki wala ya pesa zako. Zungumza na mumeo tu."

Warda aliandika neno la siri. Simu ikatulia kidogo, kisha ujumbe ukaanza kuingia. Mwingi ulikuwa wa Mshamu. Ule wa kwanza ulisema: "Mmefika?" Wa mwisho, wa alfajiri hiyo, ulisema: "Mama Zawadi, jibu chochote."

Akapiga. Mshamu alipokea mlio wa kwanza haujaisha.

"Baba Zawadi, mimi hapa. Tuko wazima sote."

"Watu wameanza kuja nyumbani kunipa pole," Mshamu alisema. "Kila nikipiga, naambiwa hupatikani. Nimekaa na mashehe hapa siku mbili wanakuombea dua."

"Nitakueleza. Kwanza itafute kadi ya mtoto."

Warda alisikia sanduku linafunguliwa na karatasi zinapekuliwa. Kadi haikuwemo. Ndipo Mshamu alipokumbuka. Zawadi aliugua siku ile akiwa kwa bibi yake, Mwanamina, kwenye kisiwa kimoja cha delta, kule mto unakoingia baharini. Kadi ilibaki huko.

"Nitatoka kesho alfajiri," Mshamu alisema. "Nichukue bodaboda mpaka Nyamisati, halafu boti. Nikiwahi maji kabla hayajakupwa, adhuhuri niko kwa mama."

Kudra, aliyekuwa amekaa karibu, akainua kidole.

"Kesho utakuwa wodini, na waifai ya hapa haifiki huko," alimwambia Warda. "Mwambie akutumie salio kwenye namba yako. Tutanunua kifurushi cha nje ya nchi."

Salio lilifika baada ya dakika chache. Kudra akamwongoza Warda kwenye menyu ya mtandao wake, mpaka kwenye vifurushi vya romingi.

"Usinunue kabla hujasoma. India imo kwenye orodha?"

"Imo."

"Ni cha siku ngapi?"

"Tatu."

"Kinatosha kwa sasa. Nunua, subiri ujumbe wa kukubaliwa, ndipo uwashe data ya romingi. Usitangulize kuwasha. Kikiisha, zima."

"Na siku tatu zikipita? Tutakaa hapa mwezi."

"Ijumaa tutakwenda kuomba laini ya hapa. Wanataka pasipoti, viza na picha. Haifunguki papo hapo, ndiyo maana hatuwezi kuitegemea leo. Ikifunguka, utaitumia kwa data. WhatsApp ikikuuliza kama unataka kubadili namba, kataa. Baki na ile ile ya nyumbani, watu wako wasikupoteze."

Jumatano Warda alikaa kando ya kitanda cha Zawadi, simu mkononi. Mtoto alimwuliza kama baba yuko ndani ya simu. Warda akamwambia yuko ndani ya boti.

Saa sita ikapita. Chennai inatangulia Tanzania kwa saa mbili na nusu, na Warda alipiga hesabu hiyo tena na tena. Saa tisa na robo simu ilitikisika. Mshamu alikuwa ameandika: "Kadi ninayo. Nakutumia picha."

Picha haikuja. Duara dogo lilizunguka kwenye kioo, likazunguka, likakata. Kule kwa Bibi Mwanamina mtandao ulikuwa hafifu. Warda alijaribu kupiga, simu haikuita. Mlangoni mkalimani alisimama, akatazama saa yake, akaondoka.

Warda akakumbuka kwamba maandishi ni mepesi kuliko picha. Akaandika: "Acha picha. Andika jina la dawa, herufi moja moja kama lilivyo."

Ujumbe wake nao ulichukua muda kuondoka. Kisha jibu likaja: "Nimetoka nje, nimesimama kwenye ngazi ya nyumba ya mama. Andika: C E F T R I A X O N E. Nimeirudia mara mbili. Mama naye ameikagua."

Warda alitoka wodini karibu akimbie. Alimkuta mkalimani kwenye korido akiwa na daktari. Daktari alisoma kwenye simu, akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye faili.

"Anasema nini?" Warda aliuliza.

"Dawa aliyokuwa amepanga kumpa ni ya jamii hiyo hiyo," mkalimani alisema. "Ameibadilisha. Kesho asubuhi mtoto anaingia."

Warda alikaa kwenye benchi la korido. Jioni, Mshamu alipofika Nyamisati, picha ya kadi nayo ikaingia, na Warda akaipeleka iwekwe kwenye faili.

Upasuaji ulichukua saa nne. Tundu lilizibwa. Siku ya tatu Zawadi aliweza kuzungumza, na jambo la kwanza alilomwambia baba yake kwa video ni kwamba chakula cha huko kinawasha.

Laini ya Chennai ilifunguka Jumamosi. Kuanzia hapo Warda aliongea na nyumbani kila siku baada ya alasiri, mpaka siku ya kurudi.

Sasa Warda amerudi kwenye biashara yake ya chapati, na Zawadi ameanza darasa la kwanza. Mwezi uliopita jirani yao, Mzee Twalibu, alijiandaa kwenda umra. Ilikuwa safari yake ya kwanza kwenda nje ya nchi. Alifika kwa Warda asubuhi na simu yake ndani ya mfuko wa nailoni.

"Mwanangu, nisaidie hii," alisema. "Nimeshanunua bando la mwezi."

"Hilo ni la hapa nyumbani, Mzee, halivuki mpaka. Kaa hapa."

Warda alimpa chai. Hakuigusa simu. Alimwelekeza mzee mwenyewe azime data ya romingi, azuie video kujishusha, kisha wakapiga pamoja huduma kwa wateja kuuliza kama kifurushi cha nje kinafanya kazi Saudia, ni cha siku ngapi na kinaanza kuhesabiwa lini. Mzee Twalibu aliandika majibu kwenye daftari. Warda akamwandikia pia namba ya mkewe, ya kiongozi wa msafara na jina la hoteli, kwa kalamu, kwenye karatasi. Simu inaweza kuzimika.

Siku tano baadaye, Warda akiwa anageuza chapati, ujumbe uliingia kutoka Jeddah.

"Nimefika salama," Mzee Twalibu aliandika. "Hewani napatikana. Mwambie mama yako apokee simu, nimempigia mara sita."

Warda alipunguza moto, akajifuta unga mikononi, akaenda kumtafuta mke wa mzee shambani.