Namba ya Dodo

Simu ya Mama Ernestine ililia sokoni Manika, asubuhi, akiwa anapanga samaki wa ziwa Nzilo juu ya gunia. Macho yake yalikuwa yameshagombana na herufi ndogo, akampa Louise wa meza ya jirani amsomee. Louise akasoma, akasoma tena.

"Inasema umetuma franga elfu kumi kwa Dodo Kalonji."

"Soma muzuri, Louise."

"Njo vile inasema, mama. Dodo Kalonji. Feza imefika."

Ernestine akachukua simu, akaipangusa kwa kitenge, akaendelea na kazi, samaki wakubwa juu, wadogo chini, kama afanyavyo kila mchuuzi mwenye akili. Dodo Kalonji alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Wiki ya saba sasa alikuwa chini ya udongo mwekundu, ndani ya shimo alilokuwa akichimba kobalti na wenzake, nyuma tu ya mtaa wao. Mvua ilikalisha kilima juu ya mdomo wa shimo. Wawili walitoka. Yeye hakutoka.

Ndugu walichanga, kanisa likachanga, hata wachimbaji wakachanga, franga zikawekwa katika simu ya Ernestine kwa sababu yeye ndiye mkubwa na kwa sababu halewi. Zilikuwa za kumtoa Dodo azikwe kama mtu. Josias, mkubwa wa wachimbaji, alikuwa amepokea sehemu ya kwanza, akafungua kidogo, akafika penye jiwe kubwa, akakaa. Alitaka sehemu ya pili kabla ya kugusa jiwe. Josias hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba maiti haina haraka.

Na Ernestine hakuwa amelia. Watu waliliona hilo kuliko walivyoona msiba wenyewe. Wakasema ana moyo wa jiwe. "Ningekuwa na moyo ya jiwe," aliwajibu, "ningeshaupeleka kwa banunuzi ba kobalti bapime ni asilimia ngapi." Alikuwa akila, akilala, akiuza samaki, na ndani mwake palikuwa kama chumba kilichohamwa.

Nyumbani alimkuta binti yake Mignonne, mwenye miaka tisa, anasubiri simu. Huyo mtoto ndiye aliyekuwa macho yake: alimsomea jumbe, alimbonyezea namba, na ile siri ya franga, tarakimu nne, aliijua kama Baba Yetu.

"Mignonne. Franga iliendaka wapi?"

"Kwa mujomba Dodo."

"Mujomba alikufa."

"Eko mu mchezo, mama."

Mchezo wenyewe watoto wote wa mtaa waliucheza. Ni watu wadogo wanaochimba chini ya ardhi, kila mtoto na mtu wake, na mtu huyo akiishiwa taa au sururu inabidi kumnunulia. Watoto hawana kadi ya benki, wala wazazi wao hawana. Wakati wa uhai wake Dodo ndiye aliyekuwa duka lao: unatuma franga kwenye namba yake, yeye anakununulia, anachukua faida yake ndogo. Tayari wazazi wawili watatu walikuwa wamekuja mlangoni kudai warudishiwe, na Dodo aliwarudishia akicheka.

Mignonne alimwonyesha. Chini kabisa ya kioo, mahali peusi ambapo watu wa watoto wengine hawakufika, alisimama mtu mdogo mwenye kofia nyekundu. Alikuwa anapiga ukuta. Anapiga mara tatu, anapumzika, anapiga mara tatu.

"Na anaandikaka," mtoto akasema. "Anaomba. Mi namununulia."

"Umemununulia nini?"

"Mbele taa. Kisha maji. Kisha pioche ya kuchimba. Sasa anaombaka tu hewa. Hewa ni bei kali."

"Mara ngapi?"

Mtoto akahesabu kwa vidole, akamaliza mkono mmoja, akaanza wa pili. Zaidi ya nusu ya franga za Josias.

Kumpiga kungetaka hasira, na Ernestine akaitafuta hasira asiione. Akachukua simu, akaifukia ndani ya ndoo ya unga, akaweka jiwe juu ya kifuniko. Ndipo aliposikia harufu mikononi mwake. Si ya samaki. Ilikuwa harufu ya udongo wa chini, ule wa baridi usiojua jua, na ilitoka kwenye simu.

Jumapili, walipotoka misa, alikuwa anasonga bukari, ugali wa mahindi, aliposikia kugonga chini ya miguu yake. Tatu, kimya. Tatu, kimya. Katika mtaa ule kugonga chini ya nyumba si jambo la kushangaza, kuna watu wanaochimba hadi chini ya kitanda cha ndoa. Kwa hiyo aliacha mwiko, akazunguka kwa majirani wa kulia na wa kushoto. Wote walikuwa wamekaa nje na nguo za kanisa, mikono mitupu. Aliporudi mtoto alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, sikio kwenye saruji, vidole vyeupe kwa unga, na simu kifuani.

"Umetuma tena."

"Alikuwa anakosa pumuzi, mama."

Jumatatu Ernestine hakwenda sokoni. Alipanda pikipiki hadi ofisi ya simu, akapanga foleni, akafika mbele ya msichana aitwaye Falonne mwenye kucha ndefu kama vijiko.

"Mutoto alituma franga juu ya mchezo. Mi nataka irudi."

"Banakuyaka bengi, mama. Batoto ba sasa banakula bazazi." Falonne akatazama mashine yake. "Una bahati, mwenye namba hajaitosha mu simu. Iko yote. Utaomba irudishwe, na yeye anabonyeza ndiyo. Umwambie akuye hapa na karte yake ya kitambulisho."

"Hawezi kuya. Eko mu shimo."

"Atoke basi, akuye."

"Alikufa, mwanangu."

"Basi ulete karatasi ya kifo."

"Karatasi banaandika wakiona mwili. Mwili iko mu shimo. Ile franga njo ya kuutosha mule."

Mwanamume nyuma yake kwenye foleni alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Falonne akasema basi, ngoja tujaribu kupiga, pengine kuna mtu aliiokota ile simu. Akapiga, akaweka sauti nje ili mama naye asikie.

Ilipokelewa mara ya kwanza. Palikuwa na tone la maji likianguka mahali pakubwa, na tena tone, na katikati ya matone pumzi ya mtu, fupi, inayovutwa kwa kazi kama mtu anayevuta kamba kutoka kisimani, na harufu ile ya udongo ikapita juu ya meza hadi Falonne akaziba pua kwa kiganja. Akakata.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "nitakufundisha namna ya kuomba irudi, ufanye wewe mwenyewe, kule kwenu. Hapa usirudi."

Aliyebaki ni Tata Tshilombo, mchimbaji wa zamani, ambaye tangu alipoacha mashimo alikuwa akiyatibu: kabla ya shimo kufunguliwa aliitwa, akamwaga unga mweupe, akasoma Zaburi, akachukua kuku wake. Alisikiliza yote bila kumkatiza. Kisha akaita simu iletwe, akainusa.

"Ile si Dodo," alisema. "Ni mwenye shimo. Bengine banamwita jini, bengine mukishi, yeye anaitika yote. Alikula ndugu yako, na mdomo wake njo anasemea. Mutoto anamulisha. Taa ni ya nini? Ya kuona njia. Njia inakuya wapi? Kwako. Akifika juu hatakuya kwa wewe, mama. Atakuya kwa yule aliyemulisha."

"Nifanye nini?"

"Udai bitu yako. Yote. Usimubakishie hata kimoja."

"Na Dodo?"

"Dodo ni mufupa, mama yangu. Franga ikirudi, Josias atakutoshea mufupa mu shimo."

Maneno yale yaliingia katika kile chumba kitupu ndani yake yasigonge chochote. Alifikiri tu kwamba yana mpango: franga irudi, mtoto apone, Dodo azikwe.

Walikwenda kwenye shimo mchana wa jua kali, yeye, mtoto na Tshilombo. Josias na watu wake walikuwa wamekaa kivulini mwa turubai wakicheza karata, wakingoja waone kama watalipwa. Tshilombo akachora mstari wa unga kuuzunguka mdomo wa shimo. Ernestine akabonyeza kama Falonne alivyomfundisha, tarakimu moja moja, polepole, na kila mara akadai kwa sauti ndani ya giza, kama alivyoamriwa: "Rudisha kitu yangu."

"Mama, usichukue hewa," Mignonne akasema. "Chukua taa. Hewa umuachie."

"Nyamaza."

"Anaandika, mama. Anaandika ku mchezo."

"Anaandika nini?"

Mtoto akasoma: "Yaya, ni wewe?"

Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita Ernestine yaya, dada mkubwa. Alihisi kitu kikisogea kifuani, kama kiti kinachoburutwa katika nyumba ya jirani. Akamtazama Tshilombo.

"Usimujibu," mzee akanong'ona. "Jini inajuaka majina yote ya nyumba. Akisikia unalegea, amekushika."

Ernestine hakujibu. Akabonyeza tena. Simu ikakaa kimya kwa muda wa Salamu Maria moja, na ndipo mtoto, huku kamasi zikimtiririka, akasoma mstari mwingine: "Basi yaya, chukua." Na franga zikaanza kurudi, moja baada ya nyingine, simu ikilia mkononi mwake kila Dodo Kalonji alipobonyeza ndiyo, sururu ikarudi, maji yakarudi, taa ikarudi na kwenye kioo mahali palipokuwa na kofia nyekundu pakawa peusi, kisha hewa ya kwanza, hewa ya pili, na kutoka chini ya jiwe ikasikika ile mishindo, si mitatu tena bali mingi, ya haraka, isiyopumzika, watu wa Josias wakasimama wote wakaacha karata zao chini, hewa ya tatu, hewa ya nne, Tshilombo akisoma Zaburi juu juu kama mtu anayekimbizwa, na harufu ikipanda, hadi hewa ya mwisho ikaingia na mishindo ikakatika katikati, mmoja, wa pili, na wa tatu haukuja.

"Ameenda," akasema Tshilombo, akaketi. Jasho lilimlowesha kama mtu aliyetoka mtoni.

Ernestine akamlipa Josias pale pale. Josias alikuwa ametazama lile jiwe muda mrefu. Akaingia na watu wake. Alikuwa amemwambia itachukua siku tatu.

Kesho yake saa nne asubuhi wakamwita.

Walikuwa wamemlaza Dodo juu ya turubai. Josias alikuwa amekaa mbali kidogo, mikono kati ya magoti, ingawa ndiye aliyemtoa kwa mikono yake.

"Ile jiwe ilianguka tu yenyewe, mama," alisema. "Nyuma yake ilikuwa imeshachimbwa. Ilibaki kama ukuta ya kiganja."

Ernestine akapiga magoti. Siku Dodo alipoingia shimoni alikuwa amenyoa, yeye mwenyewe alimshikia kioo. Sasa ndevu zilikuwa zimeshuka hadi kwenye koo, nyekundu kwa vumbi. Kucha zilikuwa zimekwisha. Midomo ilikuwa ya buluu. Akaingiza mkono chini ya kwapa lake, kama unavyompima mtoto mwenye homa, na kwapa lilikuwa na joto.

"Huyu hajamaliza siku tangu akufe," mmoja wa vijana akasema.

"Ni jini," akasema Tshilombo. "Ilikuwa imevaa mwili."

Josias akageuza kichwa. "Jini inaota ndevu, tata?"

Tshilombo akainama. Akaanza kukusanya ndoo yake na kitabu chake, akaondoka bila kuuliza kuku.

Josias akatoa franga mfukoni, akazihesabu mara moja, akaweka nusu juu ya turubai.

"Kazi yetu ni nusu, mama. Ile ingine alichimba yeye."

Mignonne alikuwa amesimama upande wa miguu. Hakulia. Alimtazama mama yake kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwenzake, kisha akaenda zake nyumbani peke yake.

Ernestine akaushika mkono wa mdogo wake. Alisema "Dodo" mara moja, kusikia jinsi jina linavyotoka. Akangoja kilio. Jua likapita juu ya turubai, vijana wakamletea kiti, hakukikalia. Ilipofika saa tisa mkono ulikuwa umepoa kabisa. Akauweka juu ya kifua, akaokota zile franga, akaenda kwa seremala kupatana bei ya sanduku.