Pipa Lililoitikia

Nilikuwepo, nikayaona yote kwa macho yangu haya mawili. Baharia mwenzangu Harlan akikataa msimsikilize, maana yeye siku hiyo alikuwa analia.

Meli yenyewe ilikuwa ya kubeba sukari kabla jeshi letu la wanamaji halijaichukua kwenda vita vya Pasifiki. Tumbo lake wakalijaza mapipa matupu yaliyochomelewa vifuniko, ili ikipigwa iendelee kuelea. Mchana mmoja nyambizi ya Wajapani ikaipiga. Taa zikazimika, na Dewey, swahiba wa Harlan, hakuonekana.

"Shuka ukatazame kama mapipa yanashikilia," mkuu wetu Tuttle alimwamuru Harlan. "Kisha tunafunga mlango. Usijivute huko kama bibi harusi!"

Harlan akashuka gizani, maji kiunoni, mapipa yakisuguana na kulia. Akaita, "Dewey! Dewey wee!"

Pipa lililokuwa karibu naye likagongwa kutoka ndani.

Akaligonga. Likaitikia haraka haraka, kama ngumi za mtu anayekosa hewa. Harlan akachokonoa kifuniko kwa kisu, kisu kikavunjika. Akaendelea kwa kucha.

"Toka, mjinga wewe! Utatuzamisha wote!" Tuttle alifoka kutoka juu.

Akatoka. Mlango ukafungwa.

Sitahani Dewey alikuwa ameegemea ukuta, mkavu, anapumua taratibu, vifundo vya vidole vimechubuka hadi mfupani. "Ndugu yangu," akasema, "nimegonga weee! Mbona umeniacha?"

Ni kweli tupu. Nimetia chumvi mahali pamoja tu: pale niliposema anapumua.