Upele Uliochukia Jua

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilifua nepi za mdogo wangu huku shangazi akinisimamia kama askari jela. Alikuja kumsaidia mama baada ya kujifungua, lakini msaada wenyewe ulikuwa wa mdomo tu. Alijua kila kitu, isipokuwa kunyamaza.

Mtoto alipotokwa na upele mwekundu wa duara kuzunguka macho, shangazi hakuumiza kichwa.

"Joto tu hilo. Mwanikeni juani, utakauka."

Baba ni fundi seremala. Hubishana na wateja kutwa nzima, lakini mbele ya dada yake hufyata mkia. Aliitikia kwa kichwa. Basi mtoto akawa anaanikwa kama shuka, na upele ukaenea hadi kichwani.

Nilimwambia shangazi kuwa siku za mawingu upele hupungua.

"Umekuwa daktari lini wewe?" akaniuliza. "Hata kamasi hujui kufuta."

Tangu hapo nilimdharau, na sioni haya kusema.

Siku moja mtoto alikataa kunyonya. "Mama, jua linamzidishia upele," nilisema. "Twende kliniki." Mama alimfunika mtoto, tukatoka bila kuaga mtu.

Daktari aliutazama upele, kisha akasikiliza kifua cha mtoto kwa muda mrefu. Mama alinibana mkono hadi ukauma.

"Nadhani ni lupasi ya watoto wachanga," alisema daktari. "Haiambukizi. Kinga fulani katika damu ya mama humwingia mtoto akiwa tumboni na kuushambulia mwili wake, hata kama mama hajisikii mgonjwa. Upele huisha wenyewe baada ya miezi kadhaa, ila jua huuchochea. Ninachohofia ni moyo. Kwa wengine hupiga polepole mno."

Vipimo vya damu vilithibitisha maneno yake. Mashine ikaonyesha kuwa moyo ni mzima. Mama alilia palepale. Tulipewa dawa ya kupaka na siku ya kurudi.

Nyumbani, shangazi alitupokea mlangoni. Mama alipomweleza aliyosema daktari, akadakia. "Si nilisema ni jua?"

"Hukusema, wifi," mama alimjibu taratibu. "Ulimwanika mwanangu, nami nikakuachia kwa woga. Sasa haanikwi tena juani."

Shangazi alinuna, na kesho yake akafungasha. Sikumsindikiza.

Mama aliniita kando. "Mkubwa tunamwamkia na kumtumikia," alisema. "Lakini mtoto akiugua, tunamsikiliza aliyempima. Ukiona anaumia, sema. Wakikucheka, sema tena, hata kama anayecheka ni mimi."