Sauti Iliyokaa kwa Mshonaji

Jua lilikuwa linazama Fundi alipotupia ngazi begani na kwenda kutafuta sekunde tisa.

Ndiyo, sekunde. Mtaa ule ulikuwa na simu zake wenyewe, hauna kampuni wala mtambo mkuu. Kila nyumba ilikuwa na kisanduku chini ya paa, na sauti iliruka nyumba hadi nyumba mpaka imfikie mwenyewe. Aliyevifunga vyote ni Fundi, mwanamke mwenye mikono myepesi na mdomo usiolala. Sauti kuchelewa kidogo njiani ni kawaida. Lakini ya kwenda kwa mdogo wake ilichelewa sekunde tisa nzima, na mdogo wake alikuwa peke yake ng'ambo ya bonde, na mimba ya miezi minane, daktari kamkataza hata kuinuka kitandani.

Tena jana mdogo wake alimwuliza swali lililomkata maini.

"Dada, mbona kila jioni unaniambia niamke nikufungulie mlango?"

Hajawahi kusema hivyo. Hata siku moja!

Akapima nyumba kwa nyumba. Nusu sekunde. Nusu sekunde. Mpaka akafika kwa marehemu mshonaji, nyumba iliyofungwa miaka miwili. Kisanduku cha pale alikipachika mwenyewe ili kufupisha njia, bila kumwomba mtu ruhusa. "Marehemu ataniuliza nini?" alicheka siku ile. Haya sasa.

Akafungua komeo la nje, akaingia. Ndani kulinukia mafuta ya cherehani, mabichi, kama yametiwa asubuhi hiyo. Akampigia mdogo wake.

"Tuhesabu. Nikitaja namba, irudie."

"Haya, dada."

"Moja."

Kimya... "Moja."

"Mbili."

"Mbili." Hiyo ilirudi haraka mno.

Fundi akafungua mdomo aseme tatu.

"Tatu," ikasema simu.

Kwa sauti yake Fundi mwenyewe.

"Nani wewe?" alinong'ona.

Darini, cherehani ikaanza kushona. Tak... tak... tak...

"Mdogo wangu," ile sauti ikaendelea, kwa upole ambao Fundi hakuzaliwa nao, "niko nje. Inuka unifungulie."

Aliogopa, msidhani hakuogopa. Ila hasira ziliuwahi woga.

"Niliingia kwako bila hodi, nimekosa!" alifoka. "Basi nidai mimi! Huyo kakufanyia nini?"

Akapanda ngazi, akang'oa kisanduku, nyaya na misumari yake. Cherehani ikanyamaza. Simu ikakatika, ikatafuta njia nyingine kupitia nyumba za bondeni, ikashika.

"Dada? Nimefika mlangoni. Nimeshika komeo."

"Usifungue! Nisikilize. Kuanzia leo usiifungulie sauti yangu, hata ikilia. Mimi ufunguo ninao."

"Sasa... nani anagonga?"

Ngo. Ngo. Ngo.

Fundi aliusikia ule mlio wa kidole kwenye mbao, taratibu, bila haraka yoyote.

"Weka spika, sauti yote. Ielekeze mlangoni." Akavuta pumzi. "Wewe unayegonga! Hapo huna mtu! Mwenye kosa ni mimi, na niko ndani ya nyumba yako. Ukinitaka, njoo unione uso kwa uso!"

Kugonga kukakoma.

Mdogo wake alilia, kisha akacheka kidogo huku analia. Mtoto anacheza tumboni, alisema, yuko salama.

"Rudi kitandani, mama. Kesho asubuhi niko kwako."

Fundi akakata simu. Kisanduku kilikuwa kiganjani mwake, hakina umeme, nyaya zinaning'inia. Jibu lilichelewa, lakini lilikuja.

"Nakuja," kikasema.

Akavuta kiti cha mshonaji, akakigeuza kielekee mlangoni, akakaa, nyundo mapajani.

"Njoo basi," alisema. "Siondoki."