Mkono Uliokataliwa na Kaburi

Mkate wa shayiri aliouacha Jonet kando ya moto ulikutwa na alama za vidole. Akasema ni panya. Lakini panya gani ana kiganja?

Siku ya tatu, adhuhuri kweupe, nyumba ikanuka chuma na damu mbichi. Mlango ukagongwa chini kabisa, usawa wa paka. Jonet akafungua, hapana mtu. Ila kitu cha baridi kilipita kati ya miguu yake, kikatambaa sakafuni hadi kwenye susu ya mwanawe mchanga, na mtoto akalia kilio cha kukabwa, mkono wake wa kulia umenyanyuka wenyewe, umebinywa hadi ukabadilika rangi, na juu yake alama za vidole zinadidimia, kimoja kimoja, vinne tu.

Dand, mumewe, alikatwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia na mundu utotoni. Na Dand walimzika mwezi uliopita, baada ya vita na Waingereza kule mto Tweed, mpakani.

Akambeba mtoto mbio kwa padri. Padri akamnong'oneza kwamba udongo wa kanisa ulimpokea Dand, ila mkono wa kulia umeutema. Si ndiyo desturi yao watu wa mpakani? Mtoto wa kiume hubatizwa mwili wote ila mkono huo, hushikwa nje ya maji, uje uue adui bila dhambi. Sasa unatafuta mwenzake, mkono mwingine usioguswa na maji.

Jumapili ya ubatizo, Jonet alimkuta mkwewe, Mariota, akiufunga kitambaa mkono wa mjukuu.

"Unafanya nini, mama?"

"Nilichomfanyia baba yake. Nani atalipa kisasi cha mwanangu? Wewe na mwiko wako wa jikoni?"

"Mwanao anagonga mlango kama mbwa. Nani aliushika mkono wake usiguse maji?"

"Niliushika kwa mapenzi."

"Basi utaushika tena."

Kanisani Jonet alikichana kile kitambaa, akauzamisha mkono wa mwanawe hadi kwapani. Maji yakatoa povu, yakanuka chuma. Alama zikafutika, mtoto akapiga chafya. Kando yake Mariota akaguna, kama aliyeshikwa kiganja na kitu cha baridi.

Tangu siku ile Mariota hutembea kiganja chake cha kulia kimefumbwa nusu, kama anayemwongoza mtoto njiani, na kila apitapo hudondosha udongo wa kaburi.

Jonet hufagia nyuma yake. Pole hampi.