Zamu ya Mchezaji wa Kwanza

Nilikwenda kwa wifi yangu kuchapa mtihani. Hilo tu.

Printa ya shule ilikuwa imegoma tangu Jumatatu, na kidato cha pili walikuwa wafanye mtihani wa historia kesho yake asubuhi. Nikakumbuka printa ya marehemu kaka yangu. Nikampigia mkewe.

"Njoo, wifi," akasema. "Ila uje kabla giza halijaingia."

Nilidhani ananihurumia kwa ajili ya njia.

Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaa mzima ulimwita Cheche, kwa kazi yake na kwa tabia yake. Alikula amesimama. Alijibu swali kabla hujalimaliza. Miezi minne nyuma aliteleza kwenye paa la ghala moja, akaanguka, tukamzika siku ya pili yake.

Jua lilikuwa linazama nilipofika. Wifi alifungua mlango kabla sijabisha. Nilitegemea kumkuta amekonda, macho yamevimba. Nikamkuta amesuka upya, amejipaka mafuta, anang'aa. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai. Nikavuta kimoja.

"Hicho si chako," akasema taratibu. "Ngoja nikuletee kingine."

Kompyuta ilikuwa palepale, kwenye kona ya sebule. Ilikuwa imewashwa. Na kwenye kioo chake kulikuwa na mchezo wetu.

Niueleze kidogo. Ni mchezo wa falme za kale. Kila mchezaji ana miji yake, mashamba, kuta, askari wa miguu na wa farasi. Mnacheza kwa zamu. Ukishapanga mambo yako unabonyeza Maliza Zamu, mwaka mmoja unapita, kioo kinakuwa cheusi ili usione siri za mwenzako, kisha yanatokea maneno: *Zamu ya mchezaji wa kwanza. Mwingine ageuze uso.* Mimi na kaka tulicheza hivyo kila Jumamosi kwa miaka sita, kompyuta moja, kiti kimoja, tukipishana. Yeye ndiye mchezaji wa kwanza.

Alipofariki, tulikuwa tumefika mwaka 1412. Naukumbuka vizuri, kwa sababu mwaka huo alinichomea ghala la nafaka na kunicheka hadi akakohoa.

Kioo kilisema 1533.

Nikamwita wifi. "Nani anacheza huu mchezo?"

Alikuwa anamimina chai. Hakuinua macho.

"Mwenyewe," akasema.

Nikajua msiba bado unamtembeza. Nikamwuliza kwa upole, mwenyewe nani.

"Kila jioni saa hizi," akasema. "Nasikia kiti. Nasikia kile kipanya… tik… tik. Halafu inaandika zamu yako. Nami nakubonyezea ya kumaliza ili aendelee. Nisamehe, wifi. Mimi sijui kucheza."

Nilikaa. Nikaitazama ramani.

Mimi ni mwalimu wa historia, lakini kabla ya hapo ni mdogo wake Cheche. Uchezaji wake niliujua kama mwandiko wake. Alishambulia mapema, alishambulia ovyo. Akiwa na askari watano alituma sita. Kuta hakujenga kabisa, alisema kuta ni za waoga.

Nilichokiona pale ni kuta tupu. Ufalme wake wote ulikuwa umezungushiwa mawe, safu tatu tatu. Mashamba yalikuwa yameachwa yakageuka nyika. Na nje ya kila mji wangu, kwenye lango, alisimama askari mmoja. Mmoja tu. Hakupigana. Hakurudi. Nikafungua kumbukumbu za mchezo: wa kwanza alifika langoni mwaka 1413, na hakuwa amesogea tangu hapo.

Zaidi ya miaka mia moja, amesimama langoni.

Nikasema moyoni, acha nijaribu. Nikamtoa mfalme wangu mjini, nikamweka peke yake uwandani, bila mlinzi, karibu kabisa na askari wake. Mtego wa kitoto. Kaka aliuingia kila mara, hata alipoujua. Alikuwa anasema, "Najua ni mtego, Kidogo, lakini mkono unawasha." Kidogo ndilo jina alilonipa. Hakuwahi kuniita vingine.

Nikabonyeza Maliza Zamu.

Kioo kikawa cheusi.

*Mwingine ageuze uso.*

"Geuka," wifi akanong'ona. "Huwa nageuka."

Nikainuka kitini. Tukasimama tumeutazama ukuta, bega kwa bega. Nje mtu alikuwa anafagia uwanja. Ufagio ukanyamaza.

Kiti kililia.

Taratibu, kama mtu mzito anavyojishusha. Kisha ikaja harufu. Kaka alinuka chuma na sabuni ya kufulia. Hii ilikuwa ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Tik…

Muda mrefu.

Tik.

Wifi alikuwa anatabasamu. Nilimwona kwa pembe ya jicho, anatabasamu ukutani.

Kengele ya mchezo ikalia. Zamu yangu.

Mfalme wangu alikuwa palepale uwandani, mzima. Hakuna aliyemgusa. Lakini juu kulikuwa na barua. Mchezo unaruhusu mfalme kumwandikia mwenzake maneno machache. Kaka hakuwahi kuandika, hakuwa na subira hiyo.

*Karibu, Mwalimu.*

Nikakiachia kipanya.

"Wifi," nikanong'ona. "Ulimwitaje?"

Akanitazama kana kwamba hakunielewa.

"Kaka yangu. Ulimwita. Ulisemaje?"

"Kuna mama mmoja aliniambia," akasema. "Kwamba mtu huitika kwa kile alichokiacha hakijaisha. Niache kiti wazi, niite jioni, mara tatu. Nikaita. Rudi, mume wangu. Rudi, mume wangu…"

"Jina ulilitaja?"

Akakitazama kiti.

"Jina lake, wifi."

"Jina sikutaja," akasema.

Basi yeyote aliyesikia ndiye aliyeitika.

Nikamshika mkono. "Twende kwangu. Sasa hivi, ulivyo. Anayekaa hapo si Cheche. Namjua kaka yangu. Huyu si yeye."

"Najua," akasema.

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Nilijua tangu siku ya tatu. Cheche alikuwa hatulii, wifi. Miaka tisa ya ndoa, sikuwahi kunywa naye chai mpaka kikombe kikaisha. Huyu anakaa."

Nikainama kuuchomoa waya ukutani. Akanidaka kifundo cha mkono. Sikujua ana nguvu kiasi kile.

"Muache," akasema.

Nyuma yetu, kwenye kikombe ambacho hakikuwa changu, kijiko kikagonga mara moja.

Nilitoka bila mtihani, bila kiatu kimoja.

Kesho yake nilirudi mchana pamoja na baba mdogo. Wifi alitukaribisha vizuri, akatuandalia chakula, akacheka na sisi. Baba mdogo akaniambia njiani kwamba mjane anaendelea vyema na mimi nipunguze kukesha. Nilijaribu tena mara mbili, peke yangu, mchana. Mara zote mlango ulikuwa umefungwa, na ndani nilisikia wifi anaongea, ananyamaza kama anayesikiliza, anaongea tena.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Nikamwuliza kama bado wanacheza.

"Kompyuta tulishaiuza," akasema. "Haihitaji tena."

Haihitaji. Nikamwuliza ana maana gani. Nilimsikia anaondoa simu sikioni, anamwambia mtu, kwa sauti ya chini, "Ndiye." Kisha akarudi.

"Anakusalimu," akasema.

Nilikata simu. Ni mke wa kaka yangu, na nimemwacha humo ndani.